Uji Usio na Dagaa

Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, Evelina alikoroga uji wa mbwa. Ulikuwa uji mwepesi wa mahindi, usio na dagaa hata mmoja, na hilo lilikuwa jambo la ajabu, maana pale Mkuyuni, kando ya ziwa, hata paka asiye na mwenyewe hapungukiwi dagaa. Lakini shangazi Getruda alikuwa na taratibu zake. Alifuga vijibwa vya manyoya, vile vinavyobebwa mkononi. Wateja walivitaka vidogo, na kila mwaka walivitaka vidogo zaidi. Basi shangazi alichagua jike mdogo kuliko wote, akampandisha kwa dume mdogo kuliko wote, kisha akawabania chakula ili wasikue.

"Upawa mmoja tu, Eve," alisema. "Na mtu akikuuliza, sema wanakula nyama na maziwa. Mambo ya humu ndani hayatoki nje."

Evelina hakubisha. Shangazi ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, na hakuwahi kumnyima kitu. Hata hivyo, kila alipomwekea chakula Tone, jike mweupe anayeenea kwenye sufuria, moyo ulimuuma. Tone alilamba sahani mpaka ikang'aa, kisha akamtazama. Tena sasa Tone alikuwa na mimba.

Jumamosi moja shangazi alivuka ziwa kwa kivuko kwenda msibani Sengerema, akamwachia Evelina nyumba. Asubuhi hiyo Evelina alipofika bandani na uji, Tone hakuinuka. Alikuwa amelala ubavu, miguu ikitetemeka, ulimi umemtoka. Evelina aligusa masikio yake. Yalikuwa ya baridi. Woga ukamshika mpaka sahani ikamponyoka.

Alimpigia shangazi simu, haikupatikana. Akapiga tena, hali ni ile ile. Riddhi, jirani yao aliyekuwa akisoma naye darasa la sita, alisikia sahani ikianguka akaja mbio. Mtoto mmoja atakayezaliwa na Tone alikuwa ameahidiwa yeye.

"Tumpeleke kwa daktari wa mifugo," Riddhi alisema.

"Shangazi hataki daktari aje kwetu."

"Basi haji. Tunakwenda sisi."

Walimfunga Tone kwenye kanga, wakakatiza sokoni, Evelina akimkumbatia kifuani. Kila hatua alimsikiliza kama bado anapumua. Mara nyingine hakusikia kitu, akaongeza mwendo.

Kwenye kliniki ya mifugo, Daktari Sabina aliitikia shikamoo yao huku tayari akimpapasa Tone tumbo. "Anakula nini huyu?"

Evelina alijibu kama alivyofundishwa. "Nyama na maziwa."

"Jana alikula?"

"Alikula vizuri."

Daktari alikunja uso. "Mwenye kula vizuri hatetemeki hivi. Wiki hii kuna watu wametega sumu ya mbwa mitaani, nimeshaletewa wengine. Itabidi nimchome dawa ya kuzuia sumu." Alianza kuvuta dawa kwenye bomba la sindano.

"Na kama hakula sumu?" Riddhi aliuliza.

"Basi dawa yenyewe inaweza kummaliza. Ni kali mno kwa mwili mdogo namna hii. Ndiyo maana nauliza."

Evelina aliitazama sindano. Akilini alimwona shangazi akimwangalia kwa jicho kali, alisikia ile sauti, mambo ya humu ndani hayatoki nje. Aliogopa kufukuzwa nyumbani. Alimwogopa shangazi kuliko alivyowahi kumwogopa mtu. Lakini Tone alikoroma kidogo, na ncha ya sindano ilikuwa imekwisha kumkaribia.

"Hali nyama, daktari," alisema, machozi yakimtoka. "Nimekudanganya. Anakula uji mtupu, upawa mmoja. Tunambania ili abaki mdogo. Na hajafikisha hata mwaka."

Daktari aliiweka sindano chini. "Basi ni sukari imemwishia mwilini," alisema, akampaka Tone glukosi kwenye fizi, akamtundikia dripu. Polepole mtetemeko ukapungua. Kisha akampapasa tena, akatikisa kichwa.

"Mtoto amekwama. Nyonga za mama ni ndogo, kichwa hakipiti. Nampasua sasa hivi. Kaeni nje."

Wakakaa kwenye benchi. Riddhi hakumtazama mwenzake. "Mimi ndiye niliyemwambia shangazi yako nataka anayeingia kwenye mkoba," alisema kwa sauti ndogo.

Evelina alisogea ukingoni mwa benchi. Alikuwa akisikiliza mlango.

Daktari alipotoka alikuwa amechoka. "Mama yu hai. Watoto walikuwa wawili. Mmoja nimemkuta amekufa."

Wakati huo huo shangazi Getruda aliingia, bado na kanga za msibani. Simu yake ilipowaka alikuta ujumbe wa daktari kuhusu Tone, akarudi na kivuko cha kwanza. Evelina alisimama.

"Nani amekutuma ulete mbwa huku?"

"Hakuna, shangazi. Nimeamua mwenyewe. Na nimemwambia daktari ukweli wote."

Shangazi alimgeukia daktari. Daktari akasema, "Dada, mtoto huyu angeendelea kuficha dakika chache tu, ningemuua mbwa wako kwa mkono wangu."

Shangazi alikaa kwenye benchi kama mtu aliyebeba mzigo mzito. "Kwetu bibi zetu walituambia mjamzito asile sana, mtoto asije akawa mkubwa akashindwa kuzaliwa. Nikadhani na mbwa ni hivyo hivyo."

"Walikosea, kwa mtu na kwa mnyama. Ukimnyima mama chakula, hapati nguvu za kuzaa. Na ukipandisha mdogo kwa mdogo mwaka hadi mwaka, unapata mbwa ambao mwili wao hauwezi kazi ya kuishi. Mifupa inavunjika, wanazimia kwa njaa ya saa chache. Mteja anacheka kwa kuwa kajibwa ni kazuri. Anayeumia ni mbwa. Huyu asizae tena, nimeshamfunga kizazi."

"Mimi simtaki tena mdogo kabisa," Riddhi alisema. "Nataka mzima."

Jumatatu asubuhi Evelina alikoroga uji kama kawaida. Tone alikuwa jikoni kwenye boksi, kitoto chake kikinyonya. Shangazi aliingia, akashika kikombe cha dagaa waliotwangwa, akamkabidhi. Evelina alimimina kidogo, akasita kwa mazoea.

"Ongeza," shangazi alisema.

Akaongeza.

"Ongeza tena. Na unisikilize, Eve. Mimi ndiye niliyekufundisha kusema uongo, na uongo ule ulitaka kumuua huyu. Mtu akikuuliza tena wanakula nini, mwambie ukweli, hata kama ukweli unaniaibisha. Jambo ninaloona aibu kulisema, basi nisilifanye."

Kisha akainama yeye mwenyewe, akamwekea Tone sahani.