Dirisha la Bibi

Kila alipotoka shule, Chiriku alivua viatu mlangoni, akamsalimu mama yake aliyekuwa kwenye cherehani, kisha akaponyoka hadi chumba cha bibi. Bibi alikuwa amefariki kabla ya mvua kuanza, na sasa mdogo wa Chiriku ndiye aliyelala humo. Hata hivyo harufu ya bibi ilibaki: mafuta ya kuchua magoti, sabuni ya kipande, kanga zilizokunjwa kabatini. Ili isitoroke, Chiriku alikuwa amelikomea dirisha na kuziba nyufa zake kwa matambara.

Siku ile chumba kilinuka kama viatu vilivyolowa. Alichungulia nyuma ya kabati. Ukuta ulikuwa umeota ukungu mweusi! Mama akijua, atatoa kila kitu nje, na bibi ataondoka mara ya pili. Akachukua ufagio, akaukwangua ukungu mbio mbio. Vumbi likatimka, likamwasha macho.

Jioni wakati wa kula, Chiriku alichezea tu chakula chake.

"Chiriku, leo umemeza ulimi?" mama aliuliza.

"Labda ameuza sauti," mdogo wake alitania, akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kifua kikaanza kulia kama filimbi.

Chiriku alimwomba Mungu kimoyomoyo amponye mdogo wake, na ukungu usijulikane. Akaliacha ombi katikati. Bibi hakumfundisha kuomba hivyo.

"Mama, ni kile chumba," alisema huku machozi yakimtoka. "Nyuma ya kabati kuna ukungu. Nimeufagia. Na dirisha nililiziba mimi."

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Ungemtoa bibi."

Mama alijifuta macho kwa pindo la kanga.

Kesho yake mdogo wake alipelekwa zahanati, kisha kwa shangazi. Fundi bomba aliziba bomba la bafuni lililokuwa likivujia ukutani. Ndipo mama akavaa barakoa na glovu, akafunga mlango na kufungua dirisha.

"Wewe kaa nje, unipitishie maji ya sabuni dirishani," alisema. "Ukungu haukwanguliwi mkavu. Hupeperuka kama unga, tukauvuta kifuani."

"Tuchanganye na dawa ya choo?"

"Thubutu! Dawa zikichanganywa huweza kutoa mvuke wa sumu."

Mama aliusugua ukuta kwa kitambaa kilicholowa, kisha akaukausha. Godoro lililoota ukungu lilitupwa. Kanga zilifuliwa, zikaanikwa. Kabati likaachiwa nafasi nyuma yake ili hewa ipite.

Chiriku alinusa kanga moja. Sabuni na jua tu.

"Bibi ameondoka," alinong'ona.

Mama akamvuta karibu. "Umesahau? Kila asubuhi, kabla hajapiga magoti kusali, bibi alifanya nini?"

Chiriku akakumbuka mlio wa komeo, ubaridi usoni, na sauti ile: "Karibu, asubuhi ya Mungu."

"Alifungua dirisha."

"Basi ukimkumbuka, lifungue. Na ukiona kitu kinachoweza kumdhuru mtu nyumbani, sema mapema, hata kama kusema kunakuuma. Nyumba hupona tunapoambiana ukweli."

Ukuta ulipokauka kabisa, mdogo wake alirudi, kifua kikiwa kimya. Alfajiri komeo likalia kama zamani.

"Karibu, asubuhi ya Mungu!" Chiriku alisema.

Kutoka kitandani sauti ya mdogo wake ikanung'unika, "Haya, Chiriku ameshaanza!"