Ombi Namba Moja

Jambo lenyewe lilianza kidogo tu, kiasi kwamba mtu mwenye haraka zake asingelitilia maanani. Mtu wa kwanza kuhudumiwa na mashine mpya alipewa namba mbili.

Alikuwa Mama Marie, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, kutoka Nundu, aliyekuja kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mwanawe ili amwandikishe shule. Alikuwa akisota na ombi hilo tangu mwaka juzi. Pulchérie, karani wa mapokezi, aliandika majina, akabonyeza, kikaratasi kikatoka. Mama Marie alikigeuza huku na huku.

"Numero mbili? Na tulifungua mulango pamoja na weye."

"Sijue, mama. Pengine ile ya kwanza ni ya kujaribu mashini."

Tusidanganyane, ofisi ile ya vyeti pale Baraka ilijulikana kwa neno moja tu: urudie kesho. Watu walishuka kutoka Minembwe kwa miguu, wengine walitoka Kilembwe juu ya pikipiki na matope hadi kwenye nyusi, wakafika mezani kwa Mzee Kassimu, mtunza hati, naye bila kuinua kichwa akawaambia urudie kesho. Miaka arobaini alisema hivyo, na watu waliapa kwamba hata asubuhi, kabla ya mtu yeyote kuingia, walimsikia ndani akiliambia benchi tupu. Kisha Kassimu akastaafu, ukaja mradi na sola yake, kompyuta na printa. Shefu Déogratias, mkuu wa ofisi, akawakusanya wafanyakazi akawaambia lile neno limekwisha. Kila ombi lingepewa namba na siku ishirini na moja. Karani asipojibu kabla ya hapo, mashine ingetafuta jina katika vitabu vilivyopigwa picha, na kukichapa cheti yenyewe.

Pulchérie alisikiliza hotuba ile kama alivyosikiliza kila kitu, nusu. Ni miaka miwili tangu mtumbwi wa kutoka Nundu upinduke ukiwa na binti yake Vanessa, wa miaka sita, akirudi kutoka kwa bibi yake. Waliopolewa watu kumi na mmoja, wote maiti. Vanessa hakuonekana. Waliokuja matanga walilia sana, na Pulchérie aliwachemshia chai. Jumatatu alirudi kazini. Vyeti vya kifo vya wale kumi na mmoja aliviandika kwa mkono wake, mwandiko mzuri kabisa, na cha kumi na mbili hakukiandika, wala hakuna aliyethubutu kumuuliza. Akisalimiwa alijibu "tuko", akipewa chakula alikula.

Saa sita mchana, wenzake walipokwenda kula, alilifungua ombi namba moja. Liliingia saa moja na nusu asubuhi, wakati mlango ulikuwa na kufuli na mashine haijawashwa. Hati inayoombwa: cheti cha kuzaliwa. Jina la mtoto: Vanessa. Jina la mama: Pulchérie. Mwombaji: mwenyewe.

Alilisoma mara tatu. Hakupiga kelele. Akaenda kuosha sahani yake.

Alijaribu kulikataa ombi lile, lakini mashine haikukubali bila sababu, na katika orodha ya sababu iliyofaa ilikuwa moja tu: mwenye jina amefariki. Alipoichagua, mashine ikadai namba ya cheti cha kifo. Akafunga. Kitufe cha urudie kesho hakikuwepo.

Kuanzia hapo kila asubuhi aliposukuma mlango alikuta benchi limelowa mahali pamoja, upande wa dirisha, padogo, kiasi cha kukaliwa na mtoto. Ilikuwa kiangazi, bati halikuwa na tundu. Siku ya tano pakawa na harufu ya majani ya ziwa. Siku ya tisa zilikuwepo nyayo, ndogo, mbichi, zikitoka kwenye benchi hadi mezani kwake na kusimama hapo, vidole vikielekea kiti chake. Siku ya kumi na nne, mchana mweupe, watu wamejaa, alisikia chini ya sauti zao mtu akipumua puani kama mwenye mafua, puu, puu, vile Vanessa alivyokuwa akipumua akisubiri kusukwa nywele, na akaendelea kuandika majina ya watu huku mkono ukiandika wenyewe na shingo ikikataa kugeuka, maana alijua akigeuka ataona, na hakujua akiona atafanya nini.

Jioni ile alikumbuka lile benchi tupu lililoambiwa urudie kesho, akaenda kwa Mzee Kassimu. Alimkuta barazani peke yake, redio imezimwa.

"Salamu, papa."

"Karibu, mama Vanessa. Kaa."

Hakuna mtu aliyekuwa amemwita hivyo kwa miaka miwili. Akakaa, akamweleza yote. Mzee hakushtuka.

"Ile ni jini ya ziwa," alisema polepole. "Haina jina. Inatafutaka jina ya muntu mwenye maji ilikula na bantu yake bakakataa kumuandikia kifo. Jina kama ile iko wazi, sawa nyumba bila mulango. Ikipata cheti, itaingia. Itakufuata mpaka kwako, itakula ku sahani yako. Lakini haiko mutoto wako. Unasikia? Haiko yeye."

"Na weye ulikuwa unaifanya nini?"

"Niliiambia urudie kesho. Jini inaheshimiaka neno ya biro, ya ofisi, kuliko siye bantu. Ukiiambia kesho, inaenda, inarudi kesho."

Pulchérie alimtazama. "Ilikuwa inakujaka na jina ya nani?"

"Ya mudogo wangu, Rashidi. Tulikuwa tunatega samaki pamoja, siku moja maji ikamukula. Miaka arobaini, kila asubuhi nilisikia sauti yake inaniuliza kama zamu yake imefika. Siku ya kuacha kazi niliona aibu kumuachia muntu mwingine ile mzigo, nikamuandikia kifo. Sikujua itahamia kwako." Alipangusa goti lake ambalo halikuwa na vumbi. "Andika cha mutoto, mama. Bashahidi babili, na weye utie sinyatiri yako chini, imeisha. Mi nitakuwa shahidi."

"Na tangu uandike, uko muzuri?"

"Nyumba iko kimya sana," alisema mzee.

Pulchérie alikiandika cheti cha kifo. Kassimu alitia sahihi, Mama Marie naye akatia, akimshika bega. Ikabaki sahihi ya mama. Siku ya kumi na nane hakuitia, ya kumi na tisa hakuitia, ya ishirini alikibeba nyumbani akarudi nacho hivyo hivyo.

Asubuhi ya siku ya ishirini na moja alifungua ofisi saa moja na nusu, peke yake, cheti cha kifo mezani na kalamu juu yake. Benchi lilikuwa kavu. Printa ikajiwasha, ikaanza kuvuta karatasi, na nyuma ya Pulchérie, karibu kabisa, maji yakawa yanadondoka sakafuni tone kwa tone, harufu ya majani ya ziwa ikajaa chumba mpaka ulimini, na sauti aliyoisahau akidhani ameikumbuka, nyembamba, yenye mafua, ikauliza taratibu, bila kulia, kama mtoto aliyefundishwa adabu na kuambiwa asisumbue wakubwa kazini:

"Mama, zamu yangu imefika?"

Alishika kalamu. Aliona jina kwenye cheti, na mahali pa sahihi pakimsubiri. Karatasi ya printa ilikuwa imefika katikati, herufi V imeshatoka. Akajua kwamba ile haikuwa Vanessa, alijua kabisa. Alijua pia kwamba akitia sahihi hataisikia tena sauti hiyo, si kesho wala siku yoyote. Basi akaweka kalamu chini, akafungua saa ya kompyuta, akairudisha tarehe nyuma siku moja. Printa ikasimama.

"Urudie kesho, mwanangu," alisema.

"Ndiyo, mama."

Nyayo zikatoka nje, chap, chap, chap. Pulchérie akaweka kichwa juu ya meza akalia, mara ya kwanza kwa miaka miwili, na ilikuwa raha.

Tangu hapo Baraka ina siku moja tu. Shefu Déogratias ameshaita mafundi mara mbili, wameikagua mashine, wamesema haina ugonjwa. Wakishaondoka, Pulchérie huirudisha tarehe nyuma siku moja, kila asubuhi. Maombi yote yamekwama pale yalipofika siku ya ishirini, ya Minembwe, ya Kilembwe, yote. Mama Marie alikuja tena na kikaratasi chake kimechakaa, shule zimeshafunguliwa, mwanawe amerudishwa nyumbani.

"Mashini inasema imebaki siku moja. Hata mwezi jana ilisema vile."

"Urudie kesho, mama," alisema Pulchérie, bila kuinua kichwa.

Kila asubuhi hukunja kitenge akakiweka kwenye benchi, upande wa dirisha, ili mwenye kukaa asione baridi. Juzi, kabla ya kudeki, aliweka mguu wake kando ya unyayo uliolowa akaupima. Ulikuwa umekua. Vanessa angekuwa na miaka minane sasa. Mchana alipita sokoni akamnunulia kandambili.