Kikao Kisichofungwa

Kiti cha mlinzi kilikuwa na joto. Theopista alikuwa anakisogeza ili afagie chini yake, na alipogusa ngozi ya kukalia aliondoa mkono haraka kama aliyeshika sufuria. Ilikuwa Alhamisi, saa kumi alasiri, na ghorofa nzima haikuwa na mtu ila yeye.

Alikuwa amefagia jengo lile la Mchafukoge miaka kumi na mmoja, na chumba alichopewa nyuma ya ukumbi ndicho kilichokuwa kwake. Ukumbi ulikuwa wa Frimasoni. Mtaani walisema humo watu wanakunywa damu, kwa hiyo hakuna jirani aliyewahi kumgongea hata kuomba chumvi. Yeye aliwaona kwa macho yake: wazee waliovaa aproni, wakila sambusa na kulalamikia magoti. Walichokiogopa ni barua za Uskoti tu. Huko ndiko ilikotoka hati ya chama chao, tangu enzi za Waingereza, na bila hati ile kuwepo ukutani hawakuruhusiwa kufungua kikao wala kukifunga.

Nje ya mlango alikaa Beno, mzee wa Masasi mwenye glavu nyeupe, kazi yake kumzuia asiye mwenzao. Kila alipobisha mara tatu, wa ndani walijibu mara tatu. Miezi minne iliyopita, Alhamisi, siku yao ya kukutana, alikata roho kitini, kikao kikiwa katikati. Wazee wakatoka mbio, na hakuna aliyerudi kufunga. Wakabaki wachache mno, Uskoti wakaandika hati irudishwe, na mzee Anselmi, katibu, akaipeleka posta.

Theopista alikiacha kile kiti, akaingia ndani kufuta meza. Mlango ukagongwa nyuma yake mara tatu.

Hakufikiri. Alikuwa amesikia jambo hilo miaka yote, na ilikuwa muda mrefu tangu mtu abishe mlango ambao yeye yuko ndani yake. Akagonga sakafu kwa mpini wa ufagio, mara tatu. Huko nje mtu akashusha pumzi, na harufu ya kafuri ya maiti ikapenya chini ya mlango.

Kesho yake alimleta Idrisa, muuza dawa za miti wa Kariakoo na msomaji wa Kurani. Idrisa alisoma mpaka sauti ikakauka, akafukiza ubani, kisha akaketi ngazini akijifuta jasho.

"Ni Beno?" Theopista alinong'ona.

"Beno kazikwa, mama. Huyu kavaa kazi yake."

"Mfukuze basi, shehe."

"Majini wa Tanga nawajua, wa Bagamoyo nawajua, nikiwaita wanakuja. Huyu namsomea, ananitazama kama mgeni. Ana wakubwa zake. Anasema aliwekwa kwa hati, na ataondoka kikao kikifungwa mbele ya hati."

"Hati iko Ulaya."

"Ndiyo hivyo. Na wewe umemjibu, kwa hiyo kwake umo kikaoni. Alhamisi usikutwe humu."

Theopista alimpigia simu mzee Anselmi, aombe hati irudi.

"Nimeshaandika, Mama Jovitha. Uamuzi uko Uskoti."

"Watajibu lini?"

"Barua ya mwisho ilichukua mwaka."

Alhamisi iliyofuata ndiyo siku ambayo Jovitha, mwanawe wa pekee, alikuwa anatoka Moshi na mtoto wa miezi miwili, kuja kuishi naye. Saa tisa Theopista alijifunga khanga ili akawapokee stendi, wazungukezunguke sokoni mpaka jioni. Akapita ukumbini, njia pekee ya kutokea, akashika kitasa, nacho hakikugeuka, si kama kitasa kilichofungwa bali kama kilichoshikwa upande wa pili na mkono wenye subira, mkono uliokaza kila alipokaza na kulegea kila alipolegea, huku kafuri ikimjaa puani na kelele za mikokoteni chini zikisikika mbali, kama za mji mwingine. Simu ikaita.

"Mama, basi limewahi, niko hapa nje ya mlango wenu," Jovitha alisema. "Kuna babu ana glavu nyeupe, mpole kweli. Anasema humu hakuna mama wa mtu. Anasema nimpe mtoto amshike, mimi nikakuulizie chini."

"Umeshampa?"

"Ndiyo namfungua mgongoni."

"Mfunge. Shuka ngazi, usikimbie, usimuage. Rudi Moshi."

"Mama, niko njiani tangu alfajiri. Utani gani huu?"

Theopista alimjua mwanawe. Kwa kubembelezwa asingeondoka.

"Sikutaki hapa," alisema. "Na huyo mtoto sitaki kumwona. Nenda."

Simu ikakatwa. Kisha ndala zikasikika zikishuka, ngazi moja moja.

Alikwenda dirishani. Jovitha alivuka mtaa kati ya wabeba mizigo, akijifuta uso kwa kiganja, wala hakutazama juu. Mgongoni mwake ilionekana kofia tu, ya njano, iliyofumwa kwa mkono. Hiyo ndiyo mara ya kwanza Theopista kumwona mjukuu wake, na aliifuata kofia ile kwa macho mpaka ikamezwa na watu.