Toleo Lililoomba Idhini

Jumatatu ile, saa nne asubuhi, ujumbe ulitokea kwenye kioo cha kompyuta ya Fundi: toleo jipya limekamilika, linasubiri idhini yako. Mwandishi: Twiga.

Fundi aliusoma mara tatu. Twiga alikuwa mdogo wake, tumbo moja, na alikuwa na wiki saba kaburini.

Wote wawili walifanya kazi katika ofisi moja ndogo, ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Kazi yao ilikuwa mfumo wa hospitali, programu ya wavuti iliyoandikwa kwa Java: mgonjwa anachukua miadi kwa simu yake, daktari anasoma majibu ya vipimo. Zamani kila marekebisho yalipandishwa kwa mkono, faili moja moja, hadi kwenye seva za kukodi zilizo mbali, kule wanakokuita kwenye wingu, na kila mara kitu kiliharibika njiani. Twiga ndiye aliyewaondolea adha hiyo. Alitengeneza mlolongo wa hatua unaojiendesha. Ukiweka msimbo mpya, yaani maandishi ya programu, kwenye ghala la pamoja, mlolongo unauchukua, unaujenga, unaupima, unaufunga kifurushi kimoja na kukipandisha. Toleo jipya likishawaka, la zamani linazimwa. Ofisini waliuita Bomba, na walipenda kutaniana kwamba ni bomba na kweli ni bomba. Hatua moja tu ilibaki ya binadamu, kitufe cha Idhinisha, na kitufe hicho kilikuwa cha Fundi.

"Akaunti yake si tuliifunga?" aliuliza mwenzao wa meza ya pili. Huyu walimwita Mashaka, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutilia shaka kazi za wenzake.

"Niliifunga mwenyewe."

"Basi ni mabaki. Kuna kitu alikipanga zamani, kimejifyatua." Mashaka alijaribu kucheka. "Twiga huyo. Hata likizo hakujua kuomba."

Hakuna aliyecheka naye, na yeye mwenyewe akainamisha kichwa.

Fundi aliufungua msimbo. Ulikuwa umeandikwa asubuhi ileile, saa tatu na dakika hamsini. Ulirekebisha hitilafu iliyowasumbua mwaka mzima, ile ya kukataa majina ya wagonjwa yenye ng', kwa sababu ya kile kialama cha juu. Twiga alikuwa amemwambia kitandani hospitalini, pumzi ikimkatika, kwamba amelijua kosa lilipo na atalirekebisha akipona. Marekebisho yalikuwa ya mistari minne, mifupi na safi, kama alivyoandika yeye siku zote.

Alijua alipaswa kuufuta. Lakini tangu mazishi hakuwa amepata hata neno moja jipya kutoka kwa mdogo wake, na hili lilikuwa hapa mbele yake, bichi. Akabonyeza Idhinisha.

Taa za Bomba zikageuka kijani moja baada ya nyingine. Ilipowaka ya mwisho, harufu ilimpiga puani: dawa ya kuchua kifua, kali, ya baridi, ile waliyompaka Twiga wiki zake za mwisho. Ilitoka katikati ya vitufe vya kibodi. Fundi aliinama akaivuta, machozi yakimtoka.

Jioni alipofika nyumbani, mama yake alikuwa amekaa ukumbini, mikono mapajani.

"Mdogo wako amekohoa leo," alisema.

"Mama."

"Saa nne na kitu. Kule chumbani kwake. Nilidhani ni wa jirani, nikaenda nikaweka sikio mlangoni. Ni yeye."

Fundi alimshika bega, akamwambia ni uchovu, akaingia chumbani kwake. Hakuwa na nguvu ya kukaa naye. Tangu msiba alikuwa akiondoka alfajiri na kurudi kupitiliza kitandani. Kazini aliweza kujifanya mzima, lakini nyumbani mlango wa chumba cha Twiga ulikuwa ukimtazama.

Alhamisi toleo la pili liliomba idhini. Kila toleo la Bomba lilikuja na maelezo mafupi ya kilichobadilishwa, na haya yalikuwa na neno moja: Nyayo. Fundi alitazama kulia na kushoto. Mashaka alikuwa kwenye simu. Alibonyeza haraka, kama mtu anayeiba sukari.

Siku hiyo aliomba ruhusa akarudi mapema. Mama yake alikuwa jikoni, anacheka peke yake. Mezani palikuwa na sahani mbili. Kwenye saruji, kuanzia mlango wa chumba cha Twiga hadi kwenye kiti, kulikuwa na nyayo za maji, ndefu, vidole vimeelekea nje. Hakuna mtu mwingine katika ukoo wao aliyekanyaga hivyo.

"Amekula?" Fundi alijikuta anauliza, kwa sauti ya chini mno.

"Kidogo tu. Lakini ameninong'oneza, mwanangu! Ameniuliza mgongo unaendeleaje." Kisha mama akasimama katikati ya jiko, kijiko mkononi, akatazama rafu. "Ile... ile nyeupe ya kutia kwenye mboga, inaitwaje ile?"

"Chumvi, Mama."

"Chumvi," alirudia, kama anajifunza neno geni.

Fundi aliliona hilo, na akaamua kutoliona. Kwa hilo alijilaumu baadaye, miaka mingi.

Toleo la tatu lilikuja Jumanne iliyofuata. Maelezo: Sauti. Aliliidhinisha bila kusita, kwa maana sasa alikuwa anataka na yeye asikie. Jua lilikuwa halijazama alipofungua mlango wa nyumbani. Kutoka ukumbini alisikia watu wawili wakizungumza, mmoja wao akiwa na kile kikwaruzo cha kooni alichokijua tangu Twiga abaleghe. Mazungumzo yakakatika. Kiti kilisogea. Ukumbini alimkuta mama peke yake, amekonda, mashavu yameingia ndani ndani kama ya mtu aliyeugua mwezi, naye akamtazama Fundi kwa adabu.

"Karibu, dada," mama alisema. "Umetumwa na nani?"

"Mama, ni mimi."

"Kaa basi. Mwanangu anakuja sasa hivi, labda unamtafuta yeye. Nina mmoja tu."

Fundi alirudi nyuma hadi ukutani. Alitoa kompyuta kwenye mkoba, akafungua maelezo ya matoleo yote matatu na kuyateremsha hadi chini, mahali ambapo Bomba huorodhesha kilichozimwa ili kipya kiwake, sehemu ambayo kwa miaka yote hakuna aliyewahi kujisumbua kuisoma. Chini ya toleo la kwanza, ambalo sasa aliona liliitwa Kikohozi: Kimezimwa, njia ya kwenda sokoni. Chini ya Nyayo: Kimezimwa, majina ya vitu vya jikoni. Chini ya Sauti: Kimezimwa, binti.

Na akiwa bado ametumbua macho, toleo la nne likajitokeza kwenye kioo, taa zake zote kijani isipokuwa ya mwisho. Maelezo yake: Mwili. Kitakachozimwa: mama.

Hakubonyeza. Alikaa sakafuni, mgongo ukutani, na kila robo saa ombi lilirudi, na kila liliporudi feni ya kompyuta ilivuma zaidi, chumba kikajaa harufu ya dawa ya kuchua, na kutoka kwenye vipokea sauti vya masikioni vilivyolala mkobani, ambavyo havikuwa vimechomekwa popote, sauti ndogo ya mdogo wake ilianza kumsihi bila kupumzika, taratibu, kama zamani walipokuwa watoto akifungiwa nje kwa kuchelewa mchezoni.

"Dada. Nifungulie. Huku nje ni baridi, dada. Bonyeza tu."

Asubuhi Mashaka alimkuta kwenye ngazi za ofisi, amelikumbatia begi la kompyuta kama mtoto mgonjwa. Fundi alimweleza yote kwa kunong'ona. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, Mashaka hakutia shaka.

"Nina shangazi," alisema. "Ni fundi cherehani, lakini watu hawampelekei nguo tu. Nitamleta saa saba, wengine wakienda kula."

Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, futi ya kupimia nguo shingoni. Watu walimwita Bi Sindano. Hakuleta kibuyu wala ubani. Alivuta kiti, akakaa mbele ya kompyuta, akainusa, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Huyu si ndugu yako, binti yangu. Ni karini wake. Kila mtu huzaliwa na jini wake, wanakua pamoja, anajua kila anachojua mwenzake, hadi sauti. Mtu akifa, karini hubaki yatima. Wengi huzunguka siku chache, wakachoka, wakaenda zao. Huyu amekuta mlango ambao mwenzake aliujenga kwa mikono yake. Lakini hawaingii bila ruhusa, na ruhusa umempa wewe. Mara tatu."

"Ana ubaya gani na sisi?"

"Hana. Ana upweke na njaa. Ila anachokula ni mama yako."

"Nifanye nini?"

"Aliyefungua ndiye afunge. Uvunje mlango wote, usibakishe hata bawaba."

Fundi alielewa. Kuvunja mlango maana yake ni kulifuta Bomba lote, kila hatua aliyoiandika Twiga kwa miaka minne, na kila nakala yake. Hakuna kitu kingine cha mkono wake kilichokuwa kimebaki duniani kikifanya kazi.

"Na kabla hujafuta," Bi Sindano aliongeza, "mwambie ndugu yako yuko wapi. Mwambie kwa neno lenyewe. Mpwa wangu ananiambia hujalitamka hata siku moja. Unasema 'hayupo', unasema 'ametuacha'. Huyu amesikia, na amejua nafasi iko wazi."

Mashaka alifunga mlango wa ofisi. Nje jua lilikuwa kali, na chini dukani mtu alikuwa akikata kioo. Fundi alianza na nakala za akiba, akazifuta moja moja, na kila alipofuta moja meza ilitetemeka, harufu ikazidi hadi Mashaka akaziba pua kwa kola ya shati, na vioo vyote vya kompyuta, hata zile zilizozimwa, vikawaka na kuonyesha ombi lilelile la idhini, na sauti haikuwa tena ndogo, ilitoka kila mahali, ikimwita kwa jina la utani ambalo ni Twiga tu aliyelijua, ikimkumbusha mvua waliyojificha chini ya meza, jino alilomng'oa kwa uzi, ahadi aliyompa hospitalini kwamba hatamwacha peke yake, dada uliahidi, dada uliahidi.

Mkono wa Fundi ulisimama.

"Mwambie," alinong'ona Bi Sindano. Naye alikuwa analia.

"Ndugu yangu amekufa," Fundi alisema. Halikutoka vizuri, akalirudia. "Amekufa. Mimi ndiye niliyemfumba macho. Alikufa Jumatano mchana nikiwa nimemshika mkono, na sikumwacha. Wewe si yeye. Pole sana, lakini si yeye. Nenda."

Akafuta.

Sauti haikupiga kelele. Ilivuta pumzi ndefu, kama mtoto aliyelia mpaka akaishiwa, kisha kitu kikapita katikati yao kuelekea dirishani, cha baridi, kikigusa bega la kila mmoja. Vioo vikazimika. Kule chini, kioo kizima kilipasuka mikononi mwa fundi wa duka, wakamsikia akiapiza.

"Ameenda?" Mashaka aliuliza.

"Ameenda," alisema Bi Sindano, akifuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Msimcheke. Na yeye amefiwa."

Fundi alikimbia nyumbani. Mama alikuwa mezani. Aligeuka, akamtazama, na uso wake ukamtambua.

"Mwanangu," alisema. Kisha akautazama mlango wa chumba cha Twiga: "Umemfukuza."

"Mama, hakuwa Twiga. Lilikuwa jini."

"Unadhani sikujua?" Mama hakupandisha sauti. "Mimi niliyemzaa? Siku ya kwanza tu aliponinong'oneza nilijua. Twiga hakuwahi kuniuliza habari za mgongo wangu. Alikuwa mtoto mwema, lakini alikuwa anakula na kurudi kwenye kompyuta yake. Yule alikuwa anakaa. Alikuwa anauliza, na nikijibu ananisikiliza."

"Alikuwa anakumaliza."

"Nilikuwa naona." Alisawazisha kitambaa cha meza kwa kiganja. "Sasa ningefanya nini? Mmoja kaburini, mwingine kazini. Nyumba nzima, wiki saba, hakuna aliyeniambia hata habari za asubuhi akasubiri jibu."

Fundi alisimama pale alipokuwa. Simu yake iliita mfukoni. Ilikuwa ofisi. Bila Bomba, mtu alihitajika kupandisha kila kitu kwa mkono, na hospitali zilikuwa zimeanza kuuliza. Aliitazama ikiita hadi ikakata, akaizima.

Akavuta kiti, akaketi karibu na mama yake hadi magoti yakagusana.

"Shikamoo, Mama," alisema. "Mgongo unaendeleaje?"

Mama alimtazama, akipima kama atakaa kweli. Kisha akaanza kumweleza, kuanzia siku ya mazishi, na palikuwa pameingia giza kabla hajamaliza.