Barua Iliyomshusha Kaka Yangu Juu ya Dari

Walimshusha kaka yangu kutoka juu ya dari, zege mbichi imemjaa mpaka magotini...

Wakamnyoa kichwa sokoni Mutsamudu, mchana kweupe, mbele ya watu aliowajengea nyumba zao.

Wakamtundika kibao shingoni: ADUI WA MAENDELEO.

Jamani, aliyeandika barua iliyomfikisha pale ni mimi. Dada yake wa tumbo moja!

Nisomeni mpaka mwisho ndipo mnitukane. Matusi nayastahili, sikatai.

Ilikuwa 1977. Nchi ilikuwa na miaka miwili tu ya uhuru. Serikali ya Rais Ali Soilih iliwaondoa makarani wazee, ikachoma mafaili, ikaweka vijana maofisini. Mimi Zouhoura, miaka kumi na tisa, nikapewa meza na muhuri katika ofisi moja ya serikali Moroni, mji mkuu, kisiwa cha pili kutoka kwetu Mutsamudu.

Kichwa kikanivimba, niwe mkweli.

Arusi kubwa zilipigwa marufuku, nami kwenye mikutano nilikuwa wa kwanza kusimama. Nilipiga kelele kwamba mila zinatumaliza. Nusu yake niliamini.

Nusu nyingine ilikuwa wivu...

Kwetu mwanamke ndiye mwenye nyumba. Mume huhamia kwa mke. Na kaka ndiye huhangaika mpaka dada yake apate paa lake.

Kaka Saindou alikuwa fundi mwashi. Mwaka niliokwenda Moroni, alianza kujenga nyuma ya nyumba ya mama. Nikapiga hesabu yangu mwenyewe: dada Chaehoi ndiye mkubwa, na mkubwa hutangulia, basi nyumba mpya ni yake. Mimi nitaachiwa chumba cha mama kinachovuja.

Hakuna aliyeniambia hivyo. Wala sikuuliza.

Kila boti iliyotoka Mutsamudu ilikuja na habari. Kuta zimesimama. Mbao za dari zimefungwa. Bado kumwaga zege tu, na watu wa mtaa wameshaahidi kuja kusaidia.

Hapo ndipo roho ikanichafuka.

Nikamwandikia barua kwa mkono, bila jina, nikaigonga muhuri. Aje Ikoni, karibu na Moroni, haraka, kuna mkutano wa mafundi.

Jibu likarudi na boti: ana kazi, hawezi kushuka sasa.

Nikaandika ya pili. Ya tatu. Ya nne nikaweka vitisho. Jibu lilikuwa lile lile, hata neno halikubadilika.

Ya tano ndiyo iliyoniua mimi.

Niliandika kwamba fundi Saindou ameficha saruji ya serikali, anajenga nyumba ya arusi iliyokatazwa, na anawatukana vijana wa komite, ile kamati ya serikali pale mtaani. Uongo mtupu! Saruji ile aliikusanya mfuko mmoja mmoja, nami nikijua.

Kisha sikuifunga. Niliipeleka wazi makusudi, ili isomwe bandarini kabla haijamfikia.

Ikasomwa. Vijana wa komite wakapanda kwetu siku ile ile ya zege, dari likiwa nusu. Fundi yeyote atakwambia, zege ikikauka nusu, pale palipounganishwa maji yatapita miaka yote.

Wiki mbili baadaye ofisi ikanituma Mutsamudu. Nilikwenda nikitarajia kukuta gofu.

Nikakuta dari limekamilika.

Dada Chaehoi akanisimulia. Saindou alipochukuliwa, wanaume walianza kutawanyika kwa woga. Yeye akajifunga shiromani, shuka yetu ya wanawake, kiunoni, akashika karai, akapanda. Wanawake wa mtaa wakamfuata. Zege iliisha kabla ya alasiri.

Saindou, ameshaachiwa, alikuwa amekaa barazani, amevaa kofia aliyoivuta mpaka masikioni ili kuficha makovu ya wembe. Hakunilaumu. Alinipa ufunguo.

"Wa nani?" nikauliza.

"Wako."

"Na dada je?"

Chaehoi ndiye aliyejibu. "Mimi ya mama inanitosha, nimemwambia Saindou akujengee wewe kwanza. Tulinyamaza kwa sababu tulisikia unavyosema huko Moroni. Tuliogopa utaikataa mbele za watu kabla haijaezekwa."

Nilikaa chini pale pale, kwenye vumbi la saruji.

Chaehoi alipoingia jikoni, Saindou akasema polepole, "Nilijua ni wewe tangu barua ya kwanza. Kuandika nimekufundisha mimi."

"Mbona hukuniambia, kaka?"

"Ningekuja Moroni tugombane. Na nyumba yako angeimaliza nani?"

Hakulitaja tena mpaka anaingia kaburini. Hakumwambia mama, hakumwambia Chaehoi.

Laiti angenipiga...

Niliolewa katika nyumba ile. Baadaye biashara ya mume wangu ikatupeleka Unguja, na huko nikawa na jirani nesi, Mkristo wa Bara. Siku moja nilikuwa nimekata tamaa na masomo ya ukunga, mtihani umebaki mmoja na watu wananisema. Akanisimulia habari za Nehemia zilizo katika Biblia yao.

Nehemia alikuwa akijenga ukuta wa mji wake. Ulikuwa umebaki kutiwa milango tu. Adui zake wakamwita bondeni mara nne, akajibu kwamba ana kazi kubwa, hawezi kushuka. Mara ya tano wakampelekea barua iliyo wazi, imejaa uongo...

Nesi wa watu alidhani ananitia moyo. Alidhani mimi ndiye Nehemia.

Nikamwacha na chai yake, nikaenda kujifungia chooni nikalia. Nilijijua niko upande gani wa habari ile.

Wewe uliyebakiza kidogo umalize kazi yako, fitina zitakuzidia sasa hivi kuliko siku ya kwanza. Usishuke kuzijibu. Na wewe unayemwita mwenzio ashuke, kaulize kwanza anamjengea nani.

Kaka Saindou tumemzika mwezi uliopita. Hitima tulisoma nyumbani kwangu Mutsamudu, chini ya dari lile lile. Halijavuja hata siku moja.

Mwanangu mkubwa akawasimulia wageni yaliyompata mjomba wake. Alipomaliza akainua mikono, akamwomba Mungu amlaani aliyeandika barua ile, yeye na furaha yake yote.

Watu wakaitikia amin.

Nami nikaitikia, kwa sauti, wasinishuku.

Wanangu wamezaliwa Unguja, Kiswahili wanakisoma vizuri. Wote wawili wamo humu kwenye ukurasa wangu.