Karibu ya Mtandao Mzima

Hodi ya kwanza ilibishwa kwenye blogu ya nyumba ya wageni ya kijiji cha Kanga, jua la saa saba likiwa utosini, na kompyuta ikaitikia.

Shani aliiona kwenye skrini, akacheka. Degree ya IT, miaka ya kuzungusha CV, na hatimaye kibarua: kuchunga blogu za nyumba za wageni Mafia nzima, ili wageni wa hifadhi ya bahari waje kuogelea na papa shilingi, wale wakubwa wenye madoa. Bosi wake Riyaz, mwenye duka na ofisi hii ya Kilindoni, alikuwa ametaka plugin, kiprogramu cha kuwajibu chenyewe watu wanaoacha maoni.

"Moja moja ya nini, dada? Network activate, blogu zote kwa mpigo, finish!"

Shani akaandika jibu moja, likaenda kila blogu: *Karibu, ingia, hapa ni kwenu.*

Mafia nzima inajua, hodi isiyo na sura haiitikiwi. Plugin haikulelewa Mafia.

Simu ikaja kutoka Kanga: kuna nyayo za maji ukutani, zinapanda. Shani akataka kuizima plugin kwa Kanga peke yake, kitufe kimefungwa. Kilichowashwa kwa mtandao mzima hakizimwi nyumba moja. Hodi nyingine ikabishwa, isiyo na jina, Miburani. Kwenye blogu ya nyumba ya wageni ya mama yake. Shani akapiga simu.

"Mama?"

"Sema polepole," Mama Kidawa alinong'ona. "Limekaa mlangoni. Linanuka udi na samaki aliyeoza. Linasema wewe ndiye umelikaribisha."

"Toka nje, mama!"

"Nipite wapi? Umeliita wewe, Shani. Lifukuze wewe, njia ileile uliyoliitia."

Shani akafungua settings, vidole vikiteleza kwa jasho, akaifuta ile karibu, akaandika *Toka, si kwenu*, akabonyeza apply to all, na mstari wa kijani ukaanza kutambaa, Kanga, Jibondo, Utende, huku simu sikioni ikipumua pumzi zisizo za mama yake, nzito, zenye maji ndani yake, mpaka mstari ukafika Miburani na bati la kwao likapiga kishindo.

"Limetoka!" mama akalia. "Alhamdulillah. Limeelekea Kilindoni."

Shani akaegemea kiti. Ndipo akayasoma maandishi madogo ya chini, yale ambayo wasomi wote tunayaruka: *Mabadiliko haya hayagusi blogu kuu.*

Blogu kuu ilikuwa ya ofisi hii.

Udi ukanukia. Kwenye skrini yakatokea maoni mapya, hayana jina.

*Hodi.*

Akarukia kipanya. Kompyuta ikamuwahi: *Karibu, ingia, hapa ni kwenu.*