Uzi wa Nyavu

Moraa alikuwa akipima omena, dagaa wa ziwani, kwa kopo la gorogoro sokoni Migori, na ubavu wake ulikuwa ukiwaka moto. Kila alipoinama, kitu kilimvuta chini ya blauzi. Wateja walimwona akitabasamu. Hawakujua kwamba amejifunga uzi wa nailoni, ule wa kushonea nyavu.

Kinyama kilimwota ubavuni miaka mitatu iliyopita, kidogo kama punje ya hindi. Kilikua, kikawa cheusi ti. Ndipo mvuvi mmoja wa kisiwa cha Remba, anayemletea omena, akamshauri: "Funga na uzi ya nyavu, mama. Siku nne inaanguka yenyewe."

Siku ya nne hakikuanguka. Kilivimba, kikatoa damu na kunuka. Moraa aliogopa. Mama yake mzazi alikufa kwa saratani. Liz, binti yake wa pekee, alikuwa kidato cha pili. Atamwachia nani?

Jioni Liz aliiona blauzi. "Mama, hii damu ni ya nini?"

"Omena imenidunga."

"Omena gani hiyo? Kesho tunaenda hospitali."

Ratemo, afisa wa kliniki, aliukata ule uzi polepole. Akamulika kwa kurunzi yenye lenzi.

"Ni saratani? Niambie tu, daktari."

"Sijui, mama."

Moraa akaanza kufunga vifungo vya blauzi.

"Mara nyingi vinyama kama hivi havina shida," Ratemo alisema. "Vinakuja na umri. Vinakaa kama nta imebandikwa juu ya ngozi. Lakini hii umeifunga mpaka ikaoza. Sasa macho peke yake haiwezi kuniambia. Nitakudunga sindano ya ganzi, niitoe, tupeleke maabara waipime."

"Na kama ingeanguka yenyewe?"

"Ungeitupa. Kama ni saratani, ingebaki ndani ikikua, na hakuna mtu angejua."

Majibu yalichukua wiki mbili. Sabato mbili Moraa alikaa kanisani bila kuimba. Alijilaumu, maana majuto ni mjukuu.

Siku ilipofika, Ratemo alifungua bahasha. Liz alimshika mama yake mkono.

"Sio saratani, mama," Ratemo alimwambia.

Moraa alilia kwa sauti mpaka Liz akaona haya.

"Lakini sikiza," Ratemo alisema. "Alama ikibadilika rangi, ikikua, ikitoa damu, ama kidonda kikikataa kupona, kuja mapema. Na sisi watu weusi tuangalie sana chini ya miguu, viganja na chini ya kucha."

Wiki iliyofuata Jerusha, muuza ndizi wa meza ya pili, alikuja akichechemea.

"Mama Liz, yule mvuvi ameniambia kuhusu uzi yako. Nigawie. Kuna kitu nyeusi chini ya mguu. Inakua tu."

Moraa aliutazama wayo wa Jerusha. Doa lilikuwa jeusi, na kingo zake hazikuwa sawa. Akachukua uzi uliobaki, akafunga nao mdomo wa gunia la omena, akakaza fundo.

"Vaa kiatu, twende kwa Ratemo."

"Sasa hivi? Na ndizi zangu?"

"Ndizi ziive. Vaa kiatu."

Doa la Jerusha lilikuwa saratani. Lilipatikana mapema, likakatwa lote. Anachechemea kidogo, lakini kila asubuhi yuko mezani pake, na ndizi zake bado ni ghali kuliko za wengine.